Mkono Uliovunjika: Uchambuzi wa Kisa cha Shetani wa Mpingo

Katika miaka ya 1950 alikuwapo Dar es Salaam mchongaji wa Kimakonde aliyeitwa Samaki Likankoa, mzaliwa wa upande wa Msumbiji, ambaye vinyago vyake vya mpingo alimpelekea Mohamed Peera, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi aliyenunua na kuuza kazi za wachongaji. Vinyago vilivyotakiwa na wateja wakati huo vilikuwa vya watu wa kawaida: mwanamke aliyejitwika mtungi, mzee aliyeshika fimbo, mkulima na jembe lake begani. Inasimuliwa kwamba siku moja kinyago cha mtu ambacho Samaki alikuwa akikifanyia kazi kilivunjika mkono. Hakukitupa, wala hakutafuta gundi ya kuunga kiungo kilichotoka. Alikirudia kwa patasi, akauchukua upungufu ule kuwa mwanzo wa umbo jipya, na alipokifikisha kwa Peera hakikuwa mtu tena. Alipoulizwa ni kitu gani, alijibu kwamba ni Nnandenga, pepo wa porini. Peera alikipokea na kumhimiza achonge vingine vya namna hiyo. Masimulizi hutofautiana katika vipengele vidogo, lakini kiini chake ni hicho, na mtindo uliotokana nacho ndio unaojulikana leo duniani kote kwa jina la shetani.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama habari ya bahati njema: mkono ulivunjika, mteja akapenda, biashara ikafunguka. Mimi nakisoma kwa namna nyingine. Ajali ya mkono inaeleza kwa nini kinyago kile kilibadilika siku ile. Haielezi kwa nini Samaki, alipokitazama kipande cha mti kilichopungua, alimwona humo kiumbe mwenye jina, wala kwa nini wachongaji wenzake, ambao hawakuwa wamevunja chochote, waliuelewa mtindo huo mara moja na kuuendeleza kila mmoja kwa njia yake. Uchambuzi huu unashikilia kwamba Samaki alimtambua kiumbe wa kale wa masimulizi ya kusini, yule nusu-mtu ambaye humfunza dawa anayethubutu kupigana naye, na kwamba alimtoa katika masimulizi akamwingiza katika sanaa ya mtu binafsi, isiyokuwa ya jando wala ya tambiko. Hapo ndipo upya wa kazi yake ulipo.

Mti wenyewe

Anayetaka kukielewa kisa hiki vizuri aanze na mti. Mpingo ni mgumu na mzito kiasi kwamba kipande cha kiini chake kikitiwa majini huzama. Chini ya gome pana tabaka jembamba jeupe linaloelekea manjano, na ndani yake kuna kiini cheusi, wakati mwingine chenye wekundu wa mbali. Mchongaji huamua mapema kama tabaka lile jeupe litaondolewa lote au litaachwa mahali fulani liwe nguo, nywele au ngozi ya kiumbe wa pili. Mti haunyooki. Shina lake hupinda, huwa na mifereji na mashimo, na si ajabu gogo linaloonekana zima kwa nje kuwa na ufa ndani. Mchongaji hukaa chini, hulibana gogo kwa nyayo zake, hulipunguza kwa shoka na tezo, kisha huingia ndani kwa patasi na nyundo ya mti, na mwishowe hulilainisha kwa tupa na msasa hadi ling'ae.

Ugumu wa mpingo hauuzuii kuvunjika. Nyuzi zake hukimbia kwa urefu wa gogo, na kiungo chochote kinachotokeza pembeni, kama mkono ulionyooshwa, huwa kimezikatiza nyuzi hizo, hivyo hushikiliwa na unene mdogo tu. Pigo moja la patasi lililozidi kiasi, au mkazo wa mti unapokauka, hukiondoa kiungo kizima. Kwa hiyo kinyago cha mtu mwenye mikono miwili iliyolingana na miguu miwili iliyolingana ni kazi inayoulazimisha mti kukubali umbo ambalo haukukua nalo, na mkono ni mojawapo ya mahali ambapo mti huonyesha upinzani wake kwanza. Ajali iliyompata Samaki ilikuwa ya kawaida kabisa. Katika vibanda vya wachongaji mikono ilikuwa imevunjika kabla yake, na kila mara kinyago kilikuwa kimeharibika.

Baada yake hakikuwa kimeharibika tena, na hili ni badiliko kubwa katika mapatano kati ya mchongaji na gogo. Mwili usiposhurutishwa kuwa na pande mbili zinazofanana, pindo la shina linaweza kuwa uti wa mgongo, shimo linaweza kuwa kinywa, na tundu la tawi lililokufa linaweza kuwa jicho pekee la kiumbe. Wachongaji wengi wa Kimakonde husema kwamba hulitazama gogo kwanza na kuliacha liwaonyeshe aliyemo ndani yake. Kauli hiyo watu huichukulia kama maneno ya kumpendeza mnunuzi, lakini kwa mtu anayechonga shetani ni maelezo ya kazi halisi: umbo la mti na umbo la kiumbe yanaafikiana kwa sababu kiumbe mwenyewe hana umbo lililokamilika.

Tumtazame shetani mmoja wa aina iliyo ya kawaida, yule anayesimama wima kwa kimo cha mkono wa mtu mzima. Uso wake una jicho moja tu lililotuna, na upande ambao jicho la pili lingekuwapo umelainishwa kabisa, kana kwamba haukuwahi kuwa na kitu. Sikio limekua hadi likawa kubwa kuliko shavu. Mdomo umevutwa upande mmoja ukashuka hadi karibu na kifua, na titi limerefuka, likapinda, likaungana na goti, hivyo kwamba kati ya mwili na titi pana uwazi ambao mwanga hupita. Mguu ni mmoja, mnene, na unaishia kwenye vidole viwili vinavyofanana na kwato. Jambo la kuangalia hapa ni hesabu ya ndani ya kinyago. Palipoondolewa jicho, sikio limeongezwa. Palipokosekana mkono, titi limechukua kazi ya mkono kwa kuushikilia mwili. Mguu mmoja umepewa unene wa miwili. Upungufu umelipwa mahali pengine, na ndiyo maana kiumbe huyu anasimama bila kuonekana kilema. Huyu ni kiumbe mzima wa jinsi nyingine.

Nusu-mtu wa msituni

Katika masimulizi ya Wanyanja wa upande wa Ziwa Nyasa yumo kiumbe aitwaye Chiruwi, mwenye jicho moja, mkono mmoja na mguu mmoja, na ambaye upande wake wa pili ni wa nta. Humkuta mtu peke yake msituni na kumwambia kwamba, kwa kuwa wamekutana, basi na wapigane. Mtu akiangushwa, hatarudi kwao. Lakini akimshika Chiruwi na kumng'ang'ania mpaka amchoshe na kumwangusha, Chiruwi huomba asiuawe, na badala yake humwonyesha miti ya dawa, huu wa homa, huu wa tumbo, huu wa kichwa, mpaka mtu yule anarudi kijijini akiwa mganga. Wayao, ambao ni majirani wa Wamakonde pande zote mbili za Ruvuma, nao wana kiumbe wa nusu mwili katika masimulizi yao. Waarabu, ambao biashara yao na pwani yetu ni ya karne nyingi, wana nasnasi, nusu ya mtu mwenye nusu ya kichwa na mguu mmoja wa kurukia.

Sitaki kulikimbilia hitimisho kwamba viumbe hawa wote wanatoka katika akili moja ya wanadamu wote, kama wafuasi wa nadharia ya vielelezo vya kale vya nafsi wangependa kusema. Watu wa Nyasa, wa Ruvuma na wa pwani walitembeleana, walioana, walichukuana utumwani na kubebeshana mizigo katika misafara kwa muda mrefu sana, na hadithi husafiri pamoja na watu. Hata hivyo, nadharia hiyo inatusaidia kwa jambo moja: inatufundisha kutafuta kitendo kinachojirudia, badala ya kutosheka na sura inayojirudia. Katika habari ya Chiruwi kitendo kina hatua tatu. Kwanza ni kukutana na kiumbe aliyepungua, mahali ambapo hapana msaada. Pili ni kumng'ang'ania badala ya kukimbia. Tatu ni kupewa ujuzi na yule yule aliyekuja kukuua. Ukiyaweka matatu haya kando ya kisa cha Samaki, utaona kwamba alichokifanya mchongaji juu ya gogo kina mpangilio ule ule: upungufu ulimtokea, akaukabili kwa zana zake, na ulipokwisha kumshinda na yeye kuushinda, akatoka na ujuzi ambao hakuna fundi wake aliyekuwa amemfunza. Huu ni usomaji wangu, na hauhitaji Samaki awe ameufikiria kwa maneno. Unahitaji tu kwamba awe amekua akisikia habari za wakazi wa porini, na jina alilolitaja mbele ya Peera linathibitisha kwamba alizisikia.

Lipo simulizi jingine ambalo naliona kuwa la lazima katika shauri hili. Ni habari ya asili ya Wamakonde wenyewe, iliyoandikwa kwenye uwanda wao wa upande wa Tanzania mwaka 1906 na mtafiti Mjerumani Karl Weule. Inasema kwamba karibu na Mahuta, palipokuwa na vichaka vizito, alitokea kiumbe wa kiume aliyekuwa hajawa mtu kamili: hakuoga, hakunyoa, alikula na kunywa kidogo tu. Kiumbe huyo alichonga sanamu ya mtu kutokana na mti, akaipeleka alikokaa, akaisimamisha wima. Usiku sanamu ikapata uhai, na kulipokucha ikawa mwanamke, akamwoa. Walishuka mtoni Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakahamia bonde jingine, mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Wakarudi juu, kwenye vichaka vya Mahuta, na mtoto wa tatu akaishi. Huyo ndiye Mmakonde wa kwanza.

Watu hulitaja simulizi hili kueleza kwa nini Wamakonde ni wachongaji, na hapo huliacha. Lakini tazama ni nani aliyechonga. Mchongaji wa kwanza alikuwa mkazi wa porini asiyekuwa mtu bado, na kilichomfanya kuwa mtu ni kinyago chake. Msitu na kijiji, kiumbe na mtu, havikutenganishwa na ukuta. Vilitenganishwa na kazi ya mkono. Samaki alipogeuza mtu wa mpingo kuwa Nnandenga, aliipita njia ile ile kwa kuanzia upande wa pili: baba wa kabila alitoka porini akaufikia utu kwa kuchonga, naye Samaki akatoka kwenye sanamu ya mtu akarudi porini kwa kuchonga.

Ndoto, pepo na tambiko

Mwaka 1925 Carl Jung, daktari wa nafsi kutoka Uswisi ambaye ndiye mwenye nadharia ya vielelezo vya kale, alifika Kenya na kukaa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, akizungumza na wenyeji kwa Kiswahili chake kichache. Katika kumbukumbu zake za baadaye alieleza kwamba alimwuliza laiboni mmoja mzee, yaani mganga na mtabiri wa jamii yake, kuhusu ndoto, na mzee akamjibu kwa huzuni kwamba tangu Waingereza waje hakuna tena anayeota ndoto zenye maana, kwa sababu mkuu wa wilaya anajua kila kitu. Jung aliichukua kauli ile kama alama ya kufa kwa ulimwengu mzima. Nadhani mzee yule alikuwa akisema kweli kuhusu kazi yake mwenyewe, kwa maana ndoto ya laiboni ilikuwa na kazi ya utawala, kuhusu vita, magonjwa na mvua, na kazi hiyo ilikuwa imenyang'anywa. Hata hivyo, takribani miaka 30 baadaye, katika mji wa kikoloni wa Dar es Salaam, wanaume waliotoka kwao kutafuta kibarua walikuwa wakiwaeleza wanunuzi na wageni kwamba mashetani wanayoyachonga waliyaona ndotoni. Ndoto haikufa. Ilipoteza baraza la wazee, na mmoja wa waliotoka kwao akaipatia makao mapya katika gogo la mpingo.

Je, hilo linaifanya kazi ya Samaki kuwa sanaa ya kiganga? Jibu langu ni kwamba ina muundo wa uganga bila kuwa na matumizi yake, na tofauti hiyo inahitaji uangalifu. Vitabu vya Ulaya hupenda kumwita kila mganga kwa jina moja, shamani, linalotoka Siberia, ambako mganga huaminika kwamba roho yake husafiri kwenda mbinguni au kuzimu na kurudi na habari. Uganga wa pepo wa pwani na bara letu huenda upande mwingine: mtu hasafiri popote, pepo ndiye anayekuja. Mgonjwa huwa kiti, pepo humpanda kichwani, ngoma hupigwa na ubani hufukizwa, na fundi humwuliza pepo yeye ni nani, ametoka wapi na anataka nini. Mpaka jina lijulikane, hakuna tiba. Jina likijulikana, mapatano huanza. Kwa mtazamo huu, sura za mashetani zilizopindapinda na kuungana na wanyama zisisomwe kama picha za safari ya roho. Zisomwe kama miili iliyopandwa, yaani mwili mmoja unaokaliwa na zaidi ya mmoja, na titi lililogeuka mkono au mgongo uliogeuka nyoka ni alama ya mgeni aliyemo ndani. Naiona pia maana katika mazungumzo ya dukani: mnunuzi aliuliza kiumbe ni nani, mchongaji akataja jina, na papo hapo mapatano yakaanza.

Lakini matumizi ya uganga hayamo. Wamakonde wana kinyago ambacho ni cha tambiko kwa kweli, nacho ni lipiko, barakoa ya ngoma ya mapiko inayochezwa katika shughuli za jando na unyago. Lipiko huchongwa kwa mti mwepesi, ili mchezaji aweze kulivaa, na mara nyingi hubandikwa nywele za mtu. Wanaume walilichonga mafichoni, mwili wa mchezaji ulifunikwa wote, na wanawake pamoja na wasiotahiriwa waliambiwa kwamba anayecheza ni mfu aliyerudi. Nguvu yake ilitegemea siri. Shetani wa mpingo kila kitu chake ni kinyume cha hayo: ni mzito na havaliwi, huchongwa hadharani huku wapita njia wakitazama, huuzwa kwa yeyote mwenye fedha, na hakuna mganga anayemhitaji kwa kumtibu mtu. Hakuna aliyevunja mwiko kwa kumchonga, kwa sababu hakuwahi kuwa na sura rasmi iliyolindwa. Naamini uhuru huo ndio uliomwezesha kila mchongaji kuwa na shetani wake. Lipiko lina wajibu wa kutambulika na kijiji kizima. Nnandenga wa Samaki hakuwa na wajibu kwa yeyote zaidi ya Samaki na gogo lake.

Lawama ya soko

Wapo waliodai, na wapo wanaoendelea kudai, kwamba kinyago kilichozaliwa dukani hakiwezi kubeba imani ya kweli, kwa kuwa kilichongwa kumpendeza mgeni. Lawama hii naiona kuwa nyepesi kuliko inavyosikika. Mnunuzi alikuwapo, na bila fedha yake Samaki angekuwa amekitupa kile kipande kilichovunjika na kuanza kingine. Lakini fedha ya mnunuzi ilikuwa tayari ikilipia wabeba mitungi na wazee wenye fimbo. Hakuna mteja aliyeagiza Nnandenga, kwa sababu hakuna mteja aliyemjua. Soko lilifungua mlango kwa kukubali kitu ambacho halikukitarajia. Aliyeingia mlangoni alitoka Mueda, kwenye uwanda wa Wamakonde kaskazini mwa Msumbiji.

Na watu wa Mueda walikuwa katika hali ambayo lazima izingatiwe. Wengi walivuka Ruvuma kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, wakikimbia kazi za kulazimishwa na kodi za Wareno. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda kudai haki zao. Mwaka 1964 FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, ilianza vita vya ukombozi, na wakimbizi wakazidi kuvuka. Shetani alikua katika vibanda vya watu waliokuwa mbali na makaburi ya wazee wao na mbali na misitu waliyoijua kwa majina ya wakazi wake wasioonekana. Kuchonga wakazi hao mjini, wakiwa na njaa, vichekesho, tamaa na ugomvi wao, kulikuwa pia ni kuwahamisha.

Karibu na wakati huo huo ulistawi mtindo wa pili, dimoongo, unaohusishwa na Roberto Yakobo Sangwani: mshindi wa mieleka aliyebebwa juu na wenzake, ambao baadaye ulirefuka ukawa nguzo ya watu wengi walioshikana na kubebana. Nguzo hiyo ikaitwa ujamaa, jina lililooana na siasa ya Azimio la Arusha la 1967, na kwa sababu hiyo ikapata nafasi ya heshima katika ofisi na zawadi za wageni. Mitindo miwili hii huonyeshwa kama wapinzani, jamii dhidi ya pepo, ila mimi naiona imekaa katika shina moja la mieleka: katika dimoongo mtu amemshinda mtu mwenzake na anashangiliwa, katika shetani mtu anapambana na asiyekuwa mtu, na hapo hapana wa kushangilia.

Lilanga na mashetani wa mtaani

Kipimo cha sanaa ya mtu binafsi ni kama inaweza kurithiwa bila kunakiliwa, na kwa hilo mfano bora ni George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanzania na kufariki Dar es Salaam mwaka 2005. Alianza kama mchongaji. Katika miaka ya 1970 alifika Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 na mtawa Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, na hapo akawa mchoraji. Mashetani yake yaliacha weusi wa mpingo yakavaa rangi kali za mafuta juu ya mbao laini zilizoshindiliwa: waridi, buluu, manjano, kila kiumbe akizungushiwa mstari mweusi. Yana masikio makubwa, matumbo yaliyotangulia, midomo iliyotokeza, vidole vichache na vinene. Yamevaa mashati ya madoadoa na kanga, yanapanda baiskeli, yanakwenda hospitali, yanagombana na wake zao, yanakunywa pombe, yanacheza ngoma, na mara nyingi mchoraji ameambatanisha sentensi ya Kiswahili inayosema hasa kinachotendeka.

Hapa kiumbe wa porini amekuwa jirani, na ungeweza kudhani kwamba amepoteza nguvu zake. Sioni hivyo. Katika michoro ya Lilanga hakuna mtu wa kawaida ambaye mashetani yanamtokea. Wote ni mashetani. Mpaka ambao masimulizi ya Mahuta yaliuweka kati ya kiumbe asiyeoga na mtu umefutwa kwa upande wa mji, na mtazamaji hujikuta akiujua mtaa mzima kwa tabia zake ilhali hakuna uso hata mmoja ulio wake. Samaki alionyesha kiumbe mmoja aliyepungua. Lilanga alionyesha jamii ya viumbe wa namna hiyo wakiishi maisha kamili.

Lilanga aliugua kisukari, na katika miaka yake ya mwisho alikatwa miguu. Kishawishi cha kuunganisha ugonjwa huo na viumbe wake wenye viungo visivyo kamili ni kikubwa, na kinapaswa kukataliwa. Sura hizo alizichora miongo kadhaa kabla ya miguu yake kupata madhara, na alizirithi kutoka kwa wachongaji waliokuwa na viungo vyote. Wanaoieleza sanaa ya mtu kwa maumivu yake peke yake huondoa ndani yake kila kitu ambacho mtu huyo alikipokea kwa wengine, yaani masimulizi, mtindo na ufundi, na kwa msanii wa Kimakonde sehemu hiyo ndiyo kubwa.

Kosa linalofanana na hilo, kwa upande wa pili, lilionekana katika namna Ulaya ilivyowapokea wachongaji hawa. Mwaka 1989 kazi za John Fundi, Mmakonde wa Msumbiji, zilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa yaliyowakusanya wasanii wa mabara yote chini ya jina la wachawi wa dunia. Heshima ilikuwa ya kweli, na mashetani ya Fundi yaliistahili. Lakini mtu anayeitwa mchawi hatarajiwi kuwa na uamuzi wa kisanaa. Hatarajiwi kwamba aliliondoa jicho hili ili sikio lile lizidi, au kwamba aliacha tabaka jeupe la mti kwa makusudi. Mchongaji wa shetani ni fundi anayefikiri, na pepo ni jambo analolifikiria.

Ndiyo maana nikitembea katika vibanda vya Mwenge, soko la wachongaji jijini Dar es Salaam, ambako vinyago vya kila namna vimepangwa kwa mamia, situmii imani ya mchongaji kuwa kipimo changu. Hutazama kama upungufu umelipwa. Katika kinyago cha kunakili, jicho limeondolewa kwa sababu mashetani huwa na jicho moja, na upande wa pili wa mwili haujui lolote kuhusu jambo hilo. Mkono umekatwa, na mabega bado yamekaa kama ya mtu mwenye mikono miwili. Katika kinyago kilichofikiriwa, kila kiungo kimebadilika kwa kuwa kiungo kimoja hakipo. Tofauti hii inaonekana hata kwa asiyejua chochote kuhusu Nnandenga, na fundi mzuri akikikuta kinyago cha namna hiyo kwa mwenzake hukitambua kabla hajaambiwa ni cha nani.

Linalobaki ni kazi ya kuandika. Mashetani mengi yaliyotoka Dar es Salaam katika miaka ile yamo katika makusanyo ya Ulaya, Marekani na Japani, na mengi yamewekewa lebo yenye neno shetani, jina la kabila na aina ya mti, basi. Jina la pepo halimo, na mara nyingi la mchongaji pia halimo. Wapo wachongaji wazee kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji waliojifunza kazi kwa watu wa kizazi cha Samaki. Wenye makumbusho wakiwapelekea picha za vinyago hivyo na kuwauliza kwa Kimakonde, kila kinyago kwa zamu yake, ni nani huyu, anakaa wapi na humfanyia nini mtu anayekutana naye, lebo hizo zinaweza bado kuandikwa upya na watu wanaojua.